Ukucha Mmoja wa Sungura wa Maalim Suud

Tangu nilipolivua koti jeupe la ujaji, msimu wa baridi uliopita, nasikia mnasema mengi. Wako wanaosema nilikasirishwa na yule bwana aliyelalamikia uamuzi wangu wa sungura wa masikio ya kulala. Wako wanaosema nimechoka na watu. La kwanza si kweli. La pili lina ukweli kidogo, lakini ukweli huo ni wa tangu zamani na haukuwahi kunizuia kuja kazini. Sababu yenyewe nitawaeleza, ila lazima nianze mbali, kwa Maalim Suud, na kwa mstari mmoja wa wino mwekundu ambao nyote mmeusoma katika daftari la chama chetu. Mstari ule unasema kwamba Maalim alimtia rangi sungura wake ili apite mbele ya jaji. Aliyeuandika ni mimi. Chini yake ipo mistari mingine miwili, nayo ni yangu pia, lakini nawajua nyinyi: mkishaona wino mwekundu hamwendelei.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Havina manyoya, na sijaona mtu aliyejifunza kushika sungura kwa kusoma mshahara wa mwenzake.

Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya mifugo, pale Ruwi, Maskati, nikigonga mihuri kwenye vibali vya wanyama ambao sikuwaona hata mara moja. Mbuzi, ndege, punda, wote kwangu walikuwa karatasi. Baridi moja mkubwa wangu akaniambia kwamba maonyesho ya kilimo yanataka karani mwenye mwandiko mzuri, kwenye upande wa sungura wa nasaba. Sikujua kama sungura nao wana nasaba. Nilijua sisi ndio wenye nasaba, na kwamba tukikutana harusini tunaulizana za mababu mpaka chakula kinapoa.

Siku ya kwanza nilivaa vizuri. Nililitandika baibui langu juu ya chetezo asubuhi na mapema, likafuka udi barabara, nikenda zangu kwenye maonyesho najisikia. Maalim Suud alikuwa amesimama nyuma ya meza, mrefu, mwembamba, koti jeupe juu ya kanzu, kofia imekaa sawasawa. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla hajastaafu, mzaliwa wa Unguja aliyekuja Maskati kijana, na sungura alikuwa akiwafuga tangu hajaoa. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, umejifukiza leo?"

"Ndiyo, Maalim," nikasema, nikidhani ananisifu.

"Basi nenda kanawe mpaka viwikoni, na hilo baibui litundike huko kwenye upepo. Sungura anakusoma kwa pua. Sasa hivi anakusoma kwamba wewe ni moto."

Nikanawa kwa sabuni ya vyombo. Niliporudi akanieleza sababu ya pili, ambayo ndiyo kubwa. Jaji hatakiwi kujua sungura ni wa nani. Wenyewe wanakaa kwenye viti nyuma ya pazia, sungura analetwa mezani akiwa na namba tu iliyochanjwa sikioni, na jaji anasema anachokiona. Huko kwa wengine jambo hili ni jepesi. Kwetu sisi ni balaa, kwa sababu nusu ya watu nyuma ya pazia ni ndugu zetu, na nusu iliyobaki tumeoleana nao. Na kila nyumba ina udi wake. Huyu anazidisha sukari, yule anatia mawardi mengi, mwengine ana siri ya bibi yake ambayo hamwambii mtu. Sungura aliyefukizwa akija mezani amekuja na jina la ukoo mzima mgongoni. Kwa hivyo Maalim aliweka sharti: si jaji, si karani, si mnyama, hakuna kufukizwa siku ya maonyesho. Watu walinung'unika. Walisema vipi mtu amtoe mnyama wake mbele ya watu bila hata harufu nzuri.

Meza yetu mnaijua, ni ile ile. Iliungwa na fundi wa Wadi Kabir ambaye kazi yake ilikuwa mageti, na ndiyo maana ina uzito wa geti. Gurudumu moja lilipiga kelele tangu siku ya kwanza na bado linapiga, msihangaike nalo, tumeshalijaribu kwa kila mafuta. Kipande cha zulia kilicho juu yake kilibakia walipotandika chumba cha wageni cha Maalim, na mkewe Bi Ghaniya alikitoa kwa sharti kwamba kisirudi tena nyumbani kwake. Sungura akiwekwa kwenye bati anateleza, anaogopa, anajikunja, nawe unamhukumu woga wake badala ya umbo lake. Mengine yalikuwa mizani ya jikoni, rula, tochi ndogo ya kuangalia meno, pamba, na kalamu mbili, nyeusi ya sifa na nyekundu ya makosa.

Mwaka ule wa kwanza niliandika tu. Nikisikia "mabega", naandika mabega. Wa pili nikaanza kuona. Maalim alikuwa akiwapenda chinchila kuliko sungura wote, wale wa kijivu ambao ukiwatazama kwa mbali unaona rangi moja. Siri yao iko ndani. Unaweka kiganja chini ya kifua, unainama, unapuliza mgongoni taratibu, manyoya yanafunguka, na ndani yake unaona duara juu ya duara: bluu iliyoiva chini kabisa, kisha nyeupe ya lulu, kisha uzi mweusi, na juu kijivu chenyewe. Mara ya kwanza Maalim aliponiinamisha nipulize mwenyewe nilisahau kalamu mkononi nikamchora sungura sikioni. Mwenye sungura huyo hajui mpaka leo.

Kisha kucha. Sungura ana kucha kumi na nane, na kwa chinchila zote zinatakiwa ziwe nyeusi au za kahawia iliyokolea. Mmoja ukiwa mweupe, huyo ametoka, hata kama kwingine hana ila. Huo ni mkosi wa damu tu, mwenyewe halaumiwi, anarudi nyumbani na sungura wake na mwakani analeta mwengine. Lakini mtu akiupaka rangi ukucha mweupe ili aufiche, hilo ni jambo jingine. Anaandikwa kwa wino mwekundu, jina lake linasomwa mbele ya watu, na hakanyagi tena katika maonyesho yetu.

Na hapa ndipo palipo somo kubwa la Maalim, ambalo nawaomba mlishike kuliko yote. Kila nilipomaliza kuandika sungura mmoja, aliniuliza, "Umemaliza?" Siku za mwanzo nilijibu ndiyo bila kufikiri. Siku moja tukapata sungura ambaye kwenye mguu wa kwanza tu tukakuta ukucha mweupe. Nikaandika ametoka, nikafunga ukurasa.

"Umemaliza?"

"Si katoka, Maalim? Tunatafuta nini tena?"

"Katoka kwa mguu mmoja. Bado mitatu, na tumbo, na meno. Mwenyewe kamlisha mwaka mzima, kamlaza na chupa za barafu kiangazi chote, yeye mwenyewe analala na pangaboi. Ana haki asomewe mnyama wake mpaka mwisho. Na wewe una haki usifanye kosa."

Maneno ya mwisho sikuyatilia maanani wakati ule.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nyingine ngumu kwa kuzuia kicheko. Bwana mmoja wa Madinat Sultan Qaboos, mwenye jumba na dereva, alileta dume wa fahari, mwenye hati ya nasaba ndefu kuliko yangu. Tukampima mabega, tukampima kichwa, Maalim akawa anakaguakagua huku nyuma. Akaniambia niandike "arudishwe tunduni, apewe nyasi." Kufika adhuhuri dume akazaa watoto sita. Yule bwana akasema wamepandikizwa na wapinzani wake. Maalim akamwambia kwa adabu kabisa, "Bwana mkubwa, wapinzani wako wasingeweza. Hata mimi nisingeweza." Mwingine alikuwa bibi aliyelia kwa sababu sungura wake alipata wa pili, na alipoulizwa nani wa kwanza, kumbe naye ni wake. Tulimpa halwa, tukala sote. Siku za maonyesho halwa haikosekani mezani, na nitarudi kwenye jambo hilo.

Baridi mbili za mwisho za Maalim pale mezani zilikuwa nzuri kuliko zote kwangu. Alibadilisha namna ya kunifundisha. Zamani alikuwa akisema mwenyewe na mimi nikiandika. Sasa alikuwa akimshika sungura, akimpuliza, kisha ananisogezea. "Unaona rangi gani?" Nami namwambia: bluu mpaka kati, nyeupe imeingia uchafu kidogo upande wa kushoto. "Kucha je?" Nazihesabu moja moja. Anatikisa kichwa, anasema, "Sawa, andika." Mikono yake ilikuwa ile ile, akigusa uti wa mgongo tu anajua kila kitu, lakini rangi aliniachia mimi. Nikiri nilivimba kichwa. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikimwambia mume wangu kwamba Maalim amekwisha kuniamini, hanisahihishi tena hata mara moja.

Baadaye akasema amechoka, akanivisha koti lake mwenyewe, ambalo mikono yake ilinifika kwenye ncha za vidole. Akasema sasa amepumzika kuhukumu, kwa hivyo anaruhusiwa kushindana. Miaka yote ile hakuwahi kumleta sungura wake hata mmoja, maana jaji hashindani. Nyumbani alikuwa na chinchila mmoja aliyemlea kutoka kizazi na kizazi. "Mmoja tu," aliniambia. "Nimlete mara moja, watu wamuone, basi."

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya baridi nzuri, jua halijapanda. Sikujua Maalim ana namba gani, na sikutaka kujua. Sungura wa nne au wa tano akawekwa zuliani. Nikaweka kiganja chini ya kifua, nikainama, nikapuliza. Manyoya yakafunguka, na pamoja na rangi zile ikanijia harufu ya udi. Udi wa karafuu kwa mbali, wenye ukavu fulani mwishoni. Nilikuwa nimekula chakula cha Idi katika harufu ile mara nyingi. Ulikuwa udi wa Bi Ghaniya.

Udi peke yake haukuwa kosa la kumtoa mnyama, mwenyewe anaonywa tu. Lakini nilikwisha kujua, na nyuma ya pazia walikuwapo watu wasiopungua kumi wanaojua kwamba Maalim ni kama baba yangu, tena wenye pua nzuri kama yangu. Sungura alikuwa mzuri mno. Mduara wake ulikuwa umekaa kama uliopigwa bikari. Nikajiambia, Zuwena, usimpendelee. Nikaushika mguu wa mbele, wa kulia. Kucha nne nyeusi. Wa tano, ule mdogo wa ndani, ulikuwa mwekundu wa kahawia. Nikausugua kwa pamba, rangi haikutoka. Nikaunusa. Hina.

Sikuugusa mguu wa pili. Nawaambia wazi kwa sababu ndiyo kazi ya maandishi haya. Niliogopa kwamba nikiendelea kumshika nitatafuta njia ya kumwokoa. Nikaona ukali ndio uadilifu. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika, ukucha mweupe umetiwa rangi, nikaisoma namba kwa sauti, na pazia likafunguliwa.

Maalim alikuja polepole, mkono mmoja juu ya migongo ya viti. Nikampa sungura wake mikononi.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza, Maalim."

"Haya," akasema. Akageuka na sungura wake kifuani, akaondoka. Hakujitetea, si siku ile, si siku zilizofuata. Mimi nililiona lile swali kama kejeli ya mtu aliyefedheheka, na nikasikitika kwamba hata yeye anaweza kuwa mdogo kiasi kile.

Jina lake likatolewa katika orodha ya majaji. Picha yake ikashushwa ukutani mwa chama. Watu waliokuwa wakimbusu mkono wakaanza kusema walimshuku siku zote. Mimi nikawa nasifiwa kwamba mezani Bi Zuwena hana baba wala mjomba. Bi Ghaniya alinipita kwenye harusi mbili kama kiti kitupu.

Kiasi cha miezi miwili baadaye, Ijumaa, nilikuwa dukani Ruwi nachagua vitambaa, nikasikia naitwa. Alikuwa Grace, binti wa Kiganda anayefanya kazi nyumbani kwa Maalim na kuwaita wenyewe Baba na Mama, yuko kwenye mapumziko yake na rafiki zake.

"Madam, sorry, naomba nikuulize kitu. Kwa nini mlimfukuza Baba?"

"Kwa sababu ya hina, Grace. Ule ukucha ulipakwa."

"Ukucha gani? Walai, Madam, Mama alipaka zote! Miguu zote nne. Mimi ndio nilikuwa nimeshika rabbit, Baba alikuwa amelala mchana. Mama alisema leo ni harusi ya huyu, lazima atoke kama bwana harusi. Alipaka na kijiti, pole pole, kucha zote, khalas, akamfukiza na udi, na Baba hakujua, nyumba yote ni udi tu. Kwani hina ni mbaya?"

Nililiacha duka na vitambaa vyake. Kwa sababu nilielewa palepale, na nyinyi mliowahi kumpaka mtu hina mmekwisha elewa. Hina juu ya ukucha mweusi haionekani. Ukizipaka zote kumi na nane, inaonekana mahali pamoja tu, pale palipo peupe. Ukucha ulikuwa mweupe, ndiyo, na sungura alistahili kutoka. Lakini mtu anayeficha kosa hupaka ukucha mmoja. Anayepaka zote anapamba.

Nikenda moja kwa moja nyumbani kwao, huko huko Ruwi, nyuma ya maduka. Bi Ghaniya alinifungulia, akanitazama, akaniacha mlangoni akaingia ndani. Maalim alikuwa barazani na sungura mapajani.

"Shikamoo, Maalim. Nimekuja kumaliza."

Akamsogeza sungura upande wangu. "Haya, maliza."

Nikapiga magoti sakafuni. Ngozi ilikwisha kutakata, lakini nywele zikishika hina haziiachi mpaka ziote nyingine. Mguu wa mbele wa kushoto, kwenye shina la kila ukucha, vinywele vyekundu. Wa nyuma wa kulia, vyekundu. Wa nyuma wa kushoto, vyekundu. Ningeiona siku ile ile kama ningeugusa mguu wa pili. Machozi yakanitoka yakadondoka juu ya manyoya.

"Unaona rangi gani?" akaniuliza Maalim.

Nikainua uso. Alikuwa akitazama mahali pa kichwa changu, lakini si machoni mwangu. Alikuwa akitazama kidogo pembeni. Hakuwa ananifundisha. Alikuwa anauliza.

"Maalim," nikasema, "huoni?"

"Mwanga naona. Watu naona kama vivuli. Rangi zimenikimbia siku nyingi, mwanangu. Sukari imeshanila macho."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kukuuliza wewe."

Baridi mbili. Masomo yote yale niliyojivunia. Nikakumbuka mkono wake juu ya migongo ya viti.

"Kwa nini hukusema siku ile? Ungesema tu Bi Ghaniya kamtia hina na wewe hukuona."

"Hina nilikuja kuinusa uliponirudishia sungura. Ningesema sioni, watu wangeuliza vile vikombe nilivyotoa baridi mbili vimetolewa na nani. Ningewambia vimetolewa kwa macho ya Zuwena, na Zuwena haoni vibaya. Sasa palepale nisimame nikwambie Zuwena kakosea?" Akacheka kidogo, bila uchungu. "Nikisema macho yako yamekosea leo, nitasemaje jana yalikuwa sawa? N'likuuliza kama umemaliza. Zaidi ya hapo sikuwa na la kusema."

Bi Ghaniya alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipojua ni hina yake iliyomtoa mumewe kwa aibu, maana Maalim hakuwa amemwambia, na maneno kama hayo watu hawayasemi mbele ya mke wa mtu. Alimwambia tu ukucha ulikuwa mweupe, nami nimekuwa mkali. Akaliweka sinia chini. "Suud," akasema, "hina yangu?" Maalim akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wake. "Sungura alitoka kapendeza, Ghaniya," akamwambia. "Ila sikumuona."

Aliniomba jambo moja tu, kwamba macho yake yasitajwe maadamu yuko hai. Nikamwahidi. Uamuzi wa jaji haufutwi katika daftari letu, na sikuomba ufutwe. Baridi iliyofuata, kabla ya sungura wa kwanza, nilisimama mbele ya meza nikasoma nilichoandika chini ya ule mstari mwekundu: kwamba ukucha ulikuwa mweupe na sungura alitoka kwa haki. Kwamba neno "umetiwa rangi" ni kosa la jaji, aliyekagua mguu mmoja akasema amemaliza. Wako waliosema nimelainika, na wako walioniona mjinga. Picha ikarudi ukutani. Maalim alikuwa amekaa mbele na Grace pembeni yake, akisikiliza, mikono juu ya fimbo. Hakuleta sungura tena. Wa mwisho alinipa mimi.

Sasa Maalim ametangulia, Mungu amrehemu, na Bi Ghaniya amenipa ruhusa niandike yote, pamoja na habari ya macho. Amenituma niwaambie pia kwamba zulia lile bado halitaki. Na wale mliopata vikombe baridi zile mbili, vikombe vyenu ni halali. Kila ukucha niliuona mwenyewe.

Imebaki baridi iliyopita. Mlikuwapo karibu nyote. Karani wangu alikuwa Raya, mnayemjua, muuguzi wa wanyama, mwandiko wake wa hovyo lakini jicho lake la mwewe. Tulikuwa tumekula halwa asubuhi, mimi nikala ambayo daktari amenikataza kwa ajili ya sukari, kama desturi yangu. Chinchila akaja mezani. Nikapuliza, manyoya yakafunguka, na ndani nikaona kijivu. Nikapuliza tena. Kijivu. Nikamsogezea Raya.

"Unaona rangi gani?"

Raya akakaa vizuri, uso umemng'ara, kama mtu aliyengojea kuulizwa. "Bluu mpaka kati, Bi Zuwena. Nyeupe safi. Uzi mweusi mwembamba lakini haukatiki."

Nikaisikia ile furaha katika sauti yake, nikaitambua, maana ilikuwa yangu. Atarudi nyumbani, nikawaza, atawaambia watu kwamba Bi Zuwena sasa ananiamini. Nikamshika yule sungura mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, naye ananisomea kucha na kuandika. Kisha mkono ukanisita. Sijui nilikaa hivyo muda gani, mpaka gurudumu lile la meza likapiga kelele na watu nyuma ya pazia wakaanza kukohoa.

"Umemaliza, Bi Zuwena?" Raya akaniuliza.

"Bado mguu mmoja," nikamwambia. Nikalivua koti, nikamvisha mabegani. "Na huu usome mwenyewe, Raya. Mimi sioni."